[UZI] Daraja la I-5 juu ya mto Columbia: daraja lenyewe ndiyo kazi nyepesi, kimbembe ni kimo na makutano

Nondo_Y20

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa sababu swali lile lile linajirudia humu kila mara: daraja jipya la kilomita moja tu, kati ya Portland (Oregon) na Vancouver (ile ya jimbo la Washington, siyo ya Canada), lina nini hadi 2022 likakadiriwa dola bilioni 5 hadi 7.5? Mbona Kigongo–Busisi ni kilomita 3 na haikufika hata robo ya hapo?

Jibu fupi: fedha hizo si za daraja peke yake. Mradi unagusa karibu kilomita 8 za barabara kuu ya I-5, makutano 7 ya barabara za juu, reli nyepesi inayovushwa kutoka Portland, na njia ya watembea kwa miguu na baiskeli.

Kilichopo sasa ni madaraja mawili ya chuma yaliyokaa sambamba. La kwenda kaskazini lilifunguliwa Februari 14, 1917, la kwenda kusini 1958. Kila moja lina njia 3 na halina bega, kwa hiyo gari likizima linazimia njiani. Kila moja lina kipande kinachoinuka wima kati ya minara miwili, kikivutwa kwa kamba za chuma na kusawazishwa na mabonge ya zege. Kikiinuka chote, meli inapata futi 178 (mita 54) juu ya maji. I-5 inatoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Canada, na hapa ndipo magari zaidi ya 130,000 kwa siku yanaposimamishwa na taa nyekundu kupisha chombo cha majini. Misingi imekaa juu ya paili (nguzo ndefu za msingi zinazozama ardhini) za miti zilizopigwa kwenye mchanga wa mto.

Jaribio la kwanza la kulibadilisha, Columbia River Crossing, lilikwama 2013 baada ya Seneti ya Washington kutotoa fungu lake, na mwaka uliofuata likazikwa. Mradi wa sasa ni uzao wa pili.

Hoja yangu ya kuanzia: ukishaamua meli ipewe kimo gani, umeshaamua rampu (njia za kuingilia na kutokea barabara kuu) zitatua wapi. Yaliyobaki ni kufuata tu.

---

Mgeni_Jamvini

Mkuu Nondo, kama la sasa linainuka na meli zinapita, kwa nini jipya lisiinuke vilevile? Lijengwe chini, fupi, nafuu. Kazi kwisha.

---

Nondo_Y20

Chaguo hilo lilikuwepo. Rasimu ya tathmini ya mazingira iliyotolewa Septemba 2024 ililibeba pamoja na mengine mawili yasiyofunguka: la ghorofa mbili na la ghorofa moja. Ila usidhani kwamba "linaloinuka" ni "nafuu". Unaongeza minara, mitambo, umeme wa akiba, chumba cha mwendeshaji na watu wa zamu maisha yote ya daraja. Nguzo zinazobeba minara zinakuwa nzito zaidi, na mashariki kidogo upande wa Vancouver kuna uwanja wa ndege wa Pearson, kwa hiyo hata minara ina dari. (Hiyo ndiyo sababu huoni mtu akichora daraja la nyaya kama Tanzanite likubwa pale.) Juu ya hayo, kila likiinuka unasimamisha barabara kuu pamoja na treni.

Tuje kwenye hesabu. 2022 Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani kilitoa uamuzi wa awali kwamba kimo cha kupita meli kibaki futi 178. Wabunifu walikuwa wamechora daraja lisilofunguka la futi 116 (mita 35.4). Tofauti ni futi 62, karibu mita 19. Kwa mwinuko wa asilimia 4, mita 19 zinataka mita 475 zaidi za mlima, KILA UPANDE. Sasa tazama ramani ya ukingo wa Vancouver: ukitoka majini tu kuna tuta la reli ya kampuni ya BNSF, mara moja baada yake makutano ya SR 14 (barabara ya jimbo), kisha katikati ya mji. Mita 475 zaidi ina maana unapita juu ya mji wote, na rampu ya SR 14 inageuka ngazi ya mbinguni.

Hata futi 116 si mchezo. Kimo cha meli kinapimwa chini ya boriti. Ongeza kina cha boriti katikati ya nguzo na nguzo, tuseme mita 3.5 kwa nafasi ya mita 150 kati ya nguzo, uso wa barabara uko mita 39 juu ya maji. Ukingo ukiwa mita 8 juu ya maji, umebaki na mita 31 za kushuka. Kwa asilimia 4 ni mita 775, kabla hujahesabu mkunjo wa juu. Na mkunjo wenyewe: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kanuni za Marekani zinataka mita 52 za mkunjo kwa kila asilimia 1 ya badiliko la mwinuko. Ukipanda kwa 4 na kushuka kwa 4, badiliko ni 8, mkunjo ni mita 416. Mkondo wa meli wa sasa uko karibu na ukingo wa Vancouver, yaani kilele kimesogea upande ule ule wenye nafasi finyu. Ndiyo maana wakapendekeza kuusogeza kusini.

---

Mkondo_wa_Kusi

Niongezee la meli, kwa sababu watu hudhani kila tishari linahitaji daraja liinuke. Hapana. Ilipojengwa ile pacha ya 1958, nafasi mbili za nguzo za la zamani ziliunganishwa kuwa moja pana ya kama mita 160, na uso ukapandishwa kama nundu ili vyombo vya kimo cha hadi futi 72 hivi vipite chini bila kuinua kitu. Nundu inaonekana hadi leo ukilitazama kwa upande.

Tatizo liko chini kidogo ya mkondo: daraja la reli la 1908, la kuzunguka, ambalo uwazi wake uko karibu na ukingo wa kaskazini. Nahodha anayeshuka na matishari akipita chini ya nundu inabidi akate kona kama herufi S ili aulenge uwazi wa reli, mto ukimsukuma kutoka nyuma. Maji yakijaa majira ya machipuko hawezi kuthubutu. Anaomba kipande kiinuliwe apite moja kwa moja. Kanuni zinazuia kuinua saa za foleni siku za kazi (12:30 hadi 3:00 asubuhi, na 8:30 mchana hadi 12:00 jioni), kwa hiyo matishari nayo yanapanga foleni.

Ukijenga jipya, panga nguzo kwa kuangalia mstari wa chombo kutoka daraja jirani. Ukipanga kwa mto peke yake umerithisha ile S.

---

Wa_Barabara_Kuu (Nairobi)

Ndugu zangu, ngojeni niingie hapa kwa rampu, maana ndipo foleni inapozaliwa.

Makutano saba kutoka kusini: Victory, Marine Drive, Hayden Island, kisha mto, SR 14, Mill Plain, Fourth Plain, SR 500. Saba ndani ya kilomita 8 ni wastani wa kilomita 1.3 kati ya moja na jingine. Kanuni ya kawaida mjini ni kilomita 1.6. Lakini wastani unadanganya. Hayden Island na SR 14 zimekaa kwenye midomo ya daraja kabisa. Gari linaingia I-5 likiwa na mwendo wa kona, halafu papo hapo kuta za chuma pande zote, bega hakuna, na mbele kuna nundu inayoficha kilichosimama.

Gari linalotoka rampu ya kilomita 50 kwa saa kuingia barabara ya kilomita 100 linataka kama mita 250 za kukimbilia kwenye tambarare. Kwenye mlima wa asilimia 3 hadi 4 zidisha karibu mara moja na nusu. Sasa unganisha na hesabu ya Nondo: daraja jipya ni refu zaidi kwenda juu, kwa hiyo rampu zote za karibu na mto zinaingia kwenye MLIMA. Lori la kontena kutoka Marine Drive, ambako ndiko njia ya bandari, linafika kwenye njia kuu ya magari likiwa kilomita 40 kwa saa. Ukimpa njia fupi ya kuingilia, breki zinawaka nyuma yake hadi kilomita nyingi.

Ndiyo sababu ya njia moja ya ziada kila upande iliyokubaliwa 2022: njia inayoanzia rampu ya kuingia na kuishia rampu ya kutoka inayofuata, ikivuka mto pamoja na zile 3. Wengi wanaiita upanuzi wa barabara. Kazi yake ni kumpa aingiaye na atokaye mahali pa kupishana bila kumgusa anayepita tu. Iwapo kila anayeingia anahesabiwa kwa saa na njia hiyo imejaa yenyewe, hapo ndipo utauliza kama ziwe mbili. Usiulize kwa jicho.

Kingine: bega. Daraja jipya lina bega pande zote mbili za kila mwelekeo. Ajali moja ndogo kwenye daraja lisilo na bega inafunga theluthi ya uwezo wake, mara nyingi zaidi, kwa sababu njia zilizobaki zinapunguza mwendo kutazama. Kwa bei ya kila mita ya mraba ya daraja, bega linaonekana anasa. Si anasa.

---

Mgeni_Jamvini

Sawa, nimeelewa kimo. Lakini misingi ya miti imekaa miaka zaidi ya 100 na haijaanguka. Haraka ya nini?

---

Mkondo_wa_Kusi

Mti uliozama majini daima hauozi haraka, hapo uko sahihi. Tatizo si kuoza. Tatizo ni mchanga.

Pwani ile ina mpaka wa mabamba ya dunia unaoitwa Cascadia. Mara ya mwisho ulipasuka wote ni Januari 26, 1700, tetemeko la karibu 9. Tarehe inajulikana kwa sababu wimbi lake lilifika Japani na likaandikwa huko. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa kwa dakika kadhaa, punje zinataka kujipanga upya, maji hayana pa kutokea, shinikizo la maji linapanda hadi punje hazigusani tena. Mchanga unakuwa uji. Paili ya mti inayoshikwa na msuguano wa mchanga huo inabaki haina kinachoishika. Ukingo wote nao unateleza kuelekea mtoni na kuzisukuma nguzo kwa pembeni, jambo ambalo hakuna aliyelihesabu 1917.

Huwezi kutibu hili kwa kubandika chuma juu. Ungelazimika kuingiza paili mpya kubwa kuzunguka kila nguzo ya zamani, chini ya daraja lenye magari, kwa mashine fupi. Ukimaliza una daraja lile lile jembamba, lisilo na bega, lenye nundu na taa nyekundu.

Halafu kuna mto kukomba. Hesabu ya haraka: shimo linalokombwa mbele ya nguzo kwenye maji yenye kina hufika kama mara 2 hadi 2.4 ya upana wa nguzo. Schoharie Creek, New York, Aprili 5, 1987: msingi uliokaa juu ya udongo bila paili ulikombwa na mafuriko, watu 10 walikufa. Daraja jipya unalihesabia mafuriko ya miaka 100, kisha unalikagua kwa ya miaka 500, na paili zinabaki na uwezo hata kina hicho chote kikiondoka.

---

Fundi_Paili

Hapa sasa ndipo nyumbani. Michoro iliyochapishwa ya mradi ule inazungumzia paili za kuchimba za kipenyo cha futi 10, mita 3 hivi, zinazovuka mchanga wote hadi kwenye tabaka gumu la changarawe iliyoshikana. Nitachukua urefu wa mita 75 kama mfano ili tuone ukubwa wa kazi.

Eneo la duara ni mita za mraba 7.07. Mara 75 ni mita za ujazo 530 za zege kwa paili MOJA, bado hujaongeza asilimia 5 hadi 10 ya kuta zilizopanuka. Kwa magari ya mita za ujazo 7 ni safari 76 na zaidi, na unamimina mtoni, kwa hiyo magari yanapanda kivuko au pampu inavuta kutoka gati la muda. Ukimimina mita za ujazo 50 kwa saa ni karibu saa 11 bila kusimama. Nondo zikiwa asilimia 1.5 ya eneo, kikapu kina tani 60 na ushee, kinashushwa vipande vipande na kuunganishwa juu ya shimo.

Mfuatano:

Kwanza kesingi (bomba kubwa la kushikilia shimo) ya chuma inashushwa kwa nyundo ya mtikisiko au mashine ya kuzungusha, hadi ipite mchanga mlegevu. Wima wake unakaguliwa kila mita chache. Kosa la asilimia 1 kwenye mita 75 ni sentimita 75 chini kule, na kikapu hakitashuka.

Unachimba huku ndani kumejaa maji ya polima au bentonaiti, yanayozuia kuta zisibomoke. Kimo cha majimaji ndani kiwe juu ya mto kwa mita 1.5 hadi 2 muda wote. Columbia pale inapanda na kushuka kidogo kwa kupwa na kujaa ingawa bahari iko mbali, na Mei–Juni theluji ya milimani inaleta maji. Anayeweka kimo cha ndani asubuhi na kusahau, jioni mto umemzidi, maji yanasukuma kutoka chini, mchanga unachemka ndani ya shimo. Hapo umelegeza udongo ambao ndio ungebeba paili yako.

Kisha kusafisha kitako. Usiamini kijiko cha mashine. Shusha kamera au uzito wa kupimia sehemu tano. Tope lililobaki lisizidi milimita 12 au 13 kwenye nusu ya kitako. Pima na mchanga uliomo kwenye majimaji, kwa sababu mchanga huo utazama wakati unamimina na kujilundika juu ya zege.

Kumimina: bomba la tremi (la kushushia zege chini ya maji) la milimita 250 hadi 300, kizibo ndani, mdomo umeinuliwa kipenyo kimoja tu kutoka chini. Gari la kwanza litoke kwa mkupuo ili mdomo uzame. Baada ya hapo mdomo ubaki mita 3 ndani ya zege. Kila gari likiisha mtu anapima kina kwa kamba na kuandika. Mchoro wa ujazo dhidi ya kimo ndio unaokuambia kuta zimebomoka au shimo limebana. Juu unamwaga ziada ya mita 0.5 hadi 1, kwa sababu zege la kwanza kutoka limebeba uchafu wote, halafu unalikatua.

Slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) milimita 200, kokoto zisizidi milimita 20, na kama ringi zimebanana shuka hadi 12.

---

Mama_Zege

Fundi, nakubaliana na yote isipokuwa hapo mwisho umepita haraka mno. Slampu ya 200 getini haina maana kama baada ya saa 6 imebaki 50. Kwa paili ya saa 11, zege la gari la kwanza ndilo linalosukumwa juu muda wote. Likiganda njiani, zege jipya linapasua katikati na kupanda kandokando ya bomba, na lile la zamani linabaki kama koti nje, limekamata tope kati yake na nondo. Kifuniko cha nondo kinakuwa udongo. Kwa macho huoni kitu, daraja linakabidhiwa.

Kwa hiyo kipimo cha kuandika kwenye mkataba ni slampu itakayobaki mwisho wa kumimina, isipungue milimita 100, na mchanganyiko ujaribiwe kwa joto la siku halisi kabla ya kazi. Dawa ya kuchelewesha inapunguzwa kadiri unavyopanda. Huhitaji saa 11 kwa gari la mwisho.

Pia nafasi kati ya nondo. Watu wa ofisini wakitaka asilimia 1.5 kwa nondo za 32 zilizobanana, mwambie aweke 40 mbilimbili. Zege la tremi halitikiswi. Linapita kwa uzito wake peke yake.

---

Fundi_Paili

Dada, hapo nimesalimu amri, andika hivyo hivyo. Kwenye mita 3 za mdomo sikubali kushuka ingawa wapo wanaokwenda 1.5.

Upimaji: mabomba ya kupitisha sauti, moja kwa kila milimita 300 za kipenyo, kwa hiyo 10. Yawe ya chuma, yajazwe maji kabla ya kumimina. Ya plastiki yanaachana na zege na unapata "kasoro" isiyokuwepo. Zege zuri linapitisha sauti kwa mita 3,500 hadi 4,000 kwa sekunde. Mahali kasi imeshuka zaidi ya asilimia 20, usianze ugomvi, toboa tundu uchukue sampuli. Ikiwa ni tope, unaosha kwa maji ya shinikizo na kujaza grauti. Inagharimu wiki kadhaa na pesa nyingi, lakini kuongeza paili nyingine pembeni kunabadilisha chote kichwa cha paili (bonge la zege linalounganisha paili juu).

---

Mama_Zege

Na kichwa hicho kina tabia yake. Bonge la zege la unene wa mita 3 na zaidi linajipika lenyewe. Ndani lisizidi nyuzi 70, na tofauti ya ndani na nje isizidi 20. Ikizidi 70, kuna kemia inayotengeneza upanuzi miaka baadaye na nyufa zake hazizibiki. Weka majivu ya makaa au slagi badala ya sehemu kubwa ya saruji, mabomba ya maji baridi ndani, na USIVUE shata (fomu za kumiminia) mapema usiku wa baridi. Wengi wanapasulia hapo, wanafikiri wanasaidia zege lipoe.

---

Mgeni_Jamvini

Nilisikia samaki wanaweza kusimamisha kazi. Ni kweli au ni porojo za Wazungu?

---

Mkondo_wa_Kusi

Ni kweli, na ni ratiba nzima. Mto ule una samoni wanaolindwa kisheria. Nyundo ya kugonga paili ya chuma inatoa mpigo unaopasua kibofu cha hewa cha samaki. Viwango vinavyotumika pwani ya magharibi: kilele desibeli 206, na jumla ya mapigo ya siku nzima desibeli 187 kwa samaki wa gramu 2 na zaidi, 183 kwa wadogo wa hapo. Kugonga kunaruhusiwa miezi maalumu tu ya mwaka, samaki wakiwa wachache.

Kwa hiyo unashusha kwa mtikisiko, unagonga mapigo machache tu ya kuthibitisha uwezo, na kuzunguka paili unaweka pete za mabomba yanayotoa mapovu ya hewa. Pete ya chini ikae kwenye sakafu ya mto bila mwanya. Mkondo ukiwa mkali unabeba mapovu, pazia linapinda, kipimo kinapanda. Dawa ni kuweka pete kadhaa kwa vimo tofauti au kuzungushia kasha.

Paili nyingi zaidi ni za gati la muda kuliko za daraja lenyewe. Wapangaji husahau hilo, wanakosa msimu mmoja, wamepoteza mwaka.

---

Wa_Barabara_Kuu (Nairobi)

Kuhusu kuhamisha magari. Madaraja mapya yanakaa magharibi ya yaliyopo, kwa hiyo nguzo unajenga bila kumgusa mtu. Kasheshe iko kwenye ncha: daraja jipya liko juu, barabara ya zamani iko chini, na lazima siku moja ziungane huku njia 3 kila upande zikifanya kazi saa za foleni. Unajenga kipande cha muda, unahamisha mwelekeo mmoja, unabomoa rampu ya zamani iliyokuwa imeziba mahali pa nguzo inayofuata, unajenga hiyo, unahamisha wa pili. Kila rampu ya kudumu ina rampu ya muda nyuma yake, na kila ya muda inataka mifereji, taa na uzio. Makutano saba mara mbili. Bei ndiyo hiyo.

Daraja lile lilishatoa fundisho Septemba 2020, walipobadilisha ekseli ya puli iliyopasuka kwenye mnara wa daraja la 1917. La kaskazini lilifungwa, pande zote mbili zikabanwa kwenye lile la 1958, na uzio wa zege ukawa unahamishwa na mashine asubuhi na jioni ili upande wenye foleni upate njia zaidi. Kilichosaidia ni kwamba watu waliambiwa mapema sana na wengi hawakuja. Wakati wa ujenzi wa miaka huwezi kutegemea watu wasije.

---

Nondo_Y20

Kwa wanaosema "paka rangi tu", chuma cha aina hii hakina mbadala kikikatika. I-5 hiyo hiyo, kaskazini zaidi, mto Skagit, Mei 23, 2013: lori lenye mzigo mrefu kwenda juu liligonga viungo vya juu vya fremu na kipande kizima kikaingia mtoni. Watu watatu waliokolewa, hakuna aliyekufa. Cha muda kilifunguliwa Juni 19. Daraja la Columbia nalo unapita NDANI ya fremu. Na Minneapolis, Agosti 1, 2007, bamba za kuunganishia zilizokuwa nyembamba kuliko zilivyopaswa ziliangusha daraja zima, vifo 13.

Kwetu mfano wa karibu ni Wami, barabara ya Chalinze–Segera. La 1959 halifiki mita 100, njia moja, na ulikuwa unalishukia kwa kona na mteremko mkali pande zote. Jipya lililofunguliwa 2022 lina mita 513.5. Mto haukupanuka! Wameinua barabara ili lori lisishuke bondeni. Ni jiometri ile ile.

---

Sharubu_za_Chuma

Swali langu ni la viungio vya kutanukia na beringi (vikalio vya boriti juu ya nguzo). Hapa kwetu ndivyo vinavyokufa kwanza.

---

Mama_Zege

Kwa kipande kisichokatika cha mita 300, badiliko la nyuzi 40, chuma kinatembea 0.000012 × 300 × 40 = milimita 144. Zege la kuvutwa kwa tendoni (kamba za chuma za ndani) ongeza kusinyaa na kulegea kwa miaka, mwendo wa upande mmoja usiorudi. Anayeweka kiungio siku ya baridi bila kurekebisha mwanya kwa joto la siku hiyo, kiangazi kinafunga na kupasua kingo. Vinavyoua: maji yenye uchafu yanayovuja hadi kwenye beringi, na mchanga uliojaa mfereji wa mpira. Acha nafasi ya jeki juu ya kila nguzo na uimarishe boriti mahali jeki itakaposukuma. Beringi ZITABADILISHWA, asiyeacha nafasi hiyo analazimisha kufunga daraja.

Reli nyepesi ikipita, ncha za boriti zikizunguka kidogo tu zinainua reli na kung'oa vifungo vyake. Hapo kikomo kinawekwa na reli kuliko gari.

---

Mgeni_Jamvini

La mwisho wakuu. Hayo ya zamani yanashushwaje? Baruti? Na zile paili za miti zinang'olewa?

---

Fundi_Paili

Baruti majini kwa mto wa samoni usiitarajie. Fremu zinashushwa kinyume na zilivyopandishwa: kwanza unavua uso wa barabara ili kupunguza uzito, ukifanya sawa pande zote mbili, halafu matishari yanaingia chini, jeki zinabeba kipande kizima, unakata ncha, kinaelea kwenda kukatwa ufukweni. Rangi ya zamani ina risasi, kwa hiyo kila mahali pa kukata kwa moto panakwanguliwa kwanza ndani ya turubai lililofungwa.

Kipande kinachoinuka ndicho cha kuogopa. Kinapishana uzito na mabonge ya zege kupitia kamba. Ukivua uso wa barabara kwanza kama vipande vingine, mabonge yanakuwa mazito kuliko daraja na mfumo unataka kuruka juu wenyewe. Lazima mabonge yashikwe na chuma kwenye mnara, kamba zilegezwe, ndipo uguse kingine.

Nguzo zinakatwa kwa waya wa almasi ndani ya kofadamu (uzio unaozuia maji). Paili za miti si lazima zing'olewe. Zinaweza kukatwa chini ya sakafu ya mto na kufukiwa. Ukizivuta, kila moja inaacha shimo na kulegeza mchanga unaozunguka paili mpya, na nyingi zingekatikia katikati. Kabla ya kukata piga ramani ya kila kundi lilipo, kwa sababu michoro ya 1917 na hali halisi vinaweza kupishana, na kesingi ya mita 3 ikikutana na mti mzima chini kule mashine inasimama hapo hapo.